Sura ya Sita: Jirani Anapokuja Kuomba Kazi

"Si tuko Jumuiya moja? Sasa kibali cha nini tena?"

Swali hili utalisikia Kasulu kwa mkulima wa mahindi aliyefikiwa na vijana watatu kutoka Burundi wanaotafuta kibarua cha palizi. Utalisikia Arusha kwa mwenye shule aliyempata mwalimu mzuri wa fizikia kutoka Kenya. Utalisikia Tunduma kwa mwenye gereji ambaye fundi wake hodari analala Nakonde, upande wa Zambia, na kila asubuhi anavuka kwa miguu kuja kazini.

Jibu fupi ni kwamba kwa sheria za Tanzania Bara wote hao ni wageni, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuanza kazi ya kulipwa bila kibali. Lakini hawako sawa. Mwalimu njia anayo, na imenyooka kiasi. Njia ya fundi ni ndefu na ina makona. Vijana wa palizi, tuseme ukweli, njia hawana. Sura hii inaeleza kwa nini imekuwa hivyo, na mwajiri afanye nini.

Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005 na mamlaka yake ya kazi, ingawa Uhamiaji ni jambo la Muungano. Mwenye hoteli ya Nungwi aulize huko huko Unguja, asije akafuata maelekezo ya rafiki yake wa Dar es Salaam.

Jumuiya iliahidi nini hasa?

Tanzania ina majirani wanane wa kupakana nao. Watano wamo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na, tangu mwaka 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watatu hawamo: Zambia, Malawi na Msumbiji. Hao tuko nao SADC, lakini SADC haina soko la pamoja la ajira linalofanya kazi. Kwa hiyo fundi wetu wa Nakonde, hata kama anazungumza Kinyamwanga kimoja na mwajiri wake, anaingia kwa masharti yale yale anayowekewa Mhindi au Mturuki.

Nchi za Jumuiya zilisaini Itifaki ya Soko la Pamoja Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki ni makubaliano ya nchi na nchi yanayoingia katika undani wa mkataba mkuu. Hii inampa mwananchi wa nchi mwanachama haki ya kutafuta kazi katika nchi nyingine, kusaini mkataba, kuishi huko na mwenzi wake na watoto, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kupata hifadhi ya jamii. Kazi za serikali hazimo, isipokuwa kama sheria ya nchi husika inaruhusu.

Watu wengi wanaishia hapo kusoma. Kanuni zilizoambatanishwa na Itifaki hiyo hiyo zinasema mfanyakazi mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Mamlaka nayo inatakiwa kukitoa ndani ya siku 30, kwa kipindi cha hadi miaka 2, na kinaweza kuongezwa. Mwenye mkataba usiozidi siku 90 anaombewa pasi maalumu. Maana yake Itifaki haikufuta kibali. Ilichofanya ni kuahidi kwamba kitapatikana kwa urahisi na kwa wakati.

Kisha kuna jedwali. Kila nchi iliorodhesha aina za wafanyakazi ambao iko tayari kuwapokea. Kenya ilifungua mlango mpana. Tanzania iliorodhesha zaidi wataalamu na mafundi sanifu, yaani watu wenye vyeti: wahandisi, wauguzi, walimu wa baadhi ya masomo na kada za namna hiyo. Mpalilia mahindi hayumo, wala dada wa kazi za nyumbani, wala kijana wa kubeba matofali. Huo ndio uamuzi uliofanywa, na ndio unaopanga foleni ya sura hii yote.

Jambo lingine linalowachanganya watu ni mhuri wa mpakani. Mwananchi wa Jumuiya akigongewa mhuri wa miezi 6 pale Namanga au Mutukula, amepewa ruhusa ya kutembea: kusalimia ndugu, kutibiwa, kuhudhuria harusi. Hajaruhusiwa kufanya kazi. Waajiri wengi hushikwa wakiwa na nakala ya pasipoti yenye mhuri safi kabisa mkononi, wakidhani wamejikinga.

Kwanza hakikisha kweli ni mgeni

Kabla hujafikiria kibali, jiulize kama unakihitaji. Lafudhi haitoshi kumfanya mtu mgeni, na jina la ng'ambo halitoshi pia. Mwaka 2014 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wa Burundi zaidi ya 160,000 walioingia mwaka 1972 pamoja na watoto wao, wengi wao wakaazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mtu wa Mishamo anayeongea Kirundi kwake na Kiswahili sokoni ni Mtanzania sawa na wewe. Ukimnyima kazi kwa sababu ya lafudhi yake umefanya ubaguzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu alikotoka na hata utaifa.

Utaifa? Ndiyo, umo. Lakini sheria hiyo hiyo inaweka wazi kwamba kutanguliza raia katika ajira kwa kufuata sheria za ajira za nchi hakuhesabiwi kuwa ubaguzi. Kwa hiyo unaweza kumchagua Mtanzania badala ya Mkenya bila kosa. Ila huwezi kumwajiri Mkenya, ukamlipa pungufu, kisha ukasema ni kwa sababu yeye ni Mkenya.

Omba kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA. Kama hana, cheti cha kuzaliwa au cheti cha uraia wa kuandikishwa kitasaidia. Barua ya mtendaji wa kijiji inasaidia kuonyesha mtu anaishi wapi. Haithibitishi uraia wake.

Vibali viwili, ofisi mbili

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015. Inasimama pamoja na Sheria ya Uhamiaji, na kila moja ina kibali chake.

Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kinajibu swali la soko la ajira: je, kazi hii inamhitaji mgeni kweli? Kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji, nacho kinajibu swali la usalama na makazi: je, mtu huyu anaweza kuishi nchini, wapi, na kwa muda gani? Mwajiriwa hupewa kibali cha ukaazi Daraja B. Mwenye kimoja tu bado yuko nje ya sheria, na mwajiri wake pia.

Kibali cha kazi kina madaraja matano. Daraja A ni la mwekezaji. B ni la fani maalumu zilizotajwa, zikiwemo afya, mafuta na gesi, na ufundishaji wa sayansi na hisabati. C ni la fani nyingine zote. D ni la wafanyakazi wa taasisi za dini na hisani zilizosajiliwa. E ni la wakimbizi. Hilo la mwisho wengi hawalijui: mkimbizi anayeishi kambini anaweza kisheria kuombewa kibali cha kazi. Tatizo lake ni kwamba haruhusiwi hata kutoka kambini bila ruhusa, hivyo mwajiri ana milango miwili ya kubisha badala ya mmoja.

*Kwa kifupi: anayeomba kibali cha kazi ni mwajiri, na kibali kimefungwa kwa mwajiri huyo na kazi hiyo. Mgeni akihamia kampuni ya jirani, hata kwa cheo kile kile, safari inaanza upya.*

Mwalimu wa fizikia

Tumfuate mwalimu wetu wa Kenya, maana ndiye mwenye njia inayopitika.

Mwenye shule anaanza na mkataba wa maandishi na maelezo ya kazi. Anakusanya vyeti vya mwalimu, wasifu wake, nakala ya pasipoti na picha. Anaonyesha jinsi alivyotafuta Mtanzania: tangazo la kazi, orodha ya walioomba, na sababu ya kutowachukua. Sheria inamtaka Kamishna ajiridhishe kwamba juhudi za kumpata Mtanzania zilifanyika kweli. Tangazo lililobandikwa juzi kwenye mlango wa ofisi ya mkuu wa shule halimridhishi mtu.

Vilevile sheria inadai mpango wa urithishaji, yaani maelezo ya jinsi Mtanzania atakavyofundishwa ili aishike kazi hiyo mgeni atakapoondoka. Huu ndio ukurasa ambao waajiri wengi hunakili kutoka kwa wenzao wakibadilisha majina tu. Ni kujidanganya. Ukirudi kuomba kuongezewa muda, unaweza kuulizwa yule mwalimu kijana uliyemtaja katika mpango yuko wapi na amefikia wapi. Kibali hakizidi miezi 24 kwa mara moja, kwa hiyo siku ya kuulizwa haiko mbali.

Upande wa taaluma nao una masharti yake. Mwalimu asiye raia anahitaji ruhusa ya kufundisha kutoka wizara ya elimu, mhandisi anahitaji usajili wa bodi yake, na daktari na muuguzi mabaraza yao. Jumuiya imefikia makubaliano ya kutambuana kwa wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi, jambo linalopunguza ubishi kuhusu vyeti, ila haliondoi usajili. Vyeti vya Kifaransa kutoka Bujumbura au Bukavu vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika kabla ya kuwasilishwa.

Siku hizi maombi hufanywa mtandaoni. Usimpe kishoka kazi hiyo. Maombi yako kwa jina lako na saini ni yako, na akighushi cheti utakayeitwa ni wewe.

Fundi wa Tunduma

Huyu anatoka nje ya Jumuiya, fani yake haimo katika Daraja B, na ujuzi wake ameupata chini ya magari, si darasani. Mwajiri wake ataomba Daraja C na kuthibitisha kwamba Tunduma, Vwawa na Mbeya hakuna fundi Mtanzania awezaye kazi hiyo. Kwa injini za kawaida hatafaulu, na sidhani kama anastahili kufaulu. Kwa mitambo maalumu, kama fundi ana cheti cha mtengenezaji, anaweza.

Kulala Nakonde hakubadilishi chochote. Sheria inaangalia kazi inafanyika wapi, haiangalii kitanda kiko wapi.

Wengine hujaribu kupita pembeni: "Basi asiwe mwajiriwa, awe na biashara yake ndani ya kiwanja changu." Hapo unatoka kwenye tope unaingia mtoni. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo utengenezaji wa simu, wakala wa fedha kwa simu, uongozaji watalii, na saluni zisizo za hoteli wala za watalii. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Majirani waliinunia amri hiyo, hasa Kenya, na mjadala wake na Itifaki utaendelea. Wewe mwenye saluni usiusubiri uishe.

Vijana wa palizi

Mkoa wa Kigoma unajua jambo hili kuliko Dodoma. Msimu ukifika, vijana wa Burundi huvuka kuja Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko kulima na kupalilia, wengine kwa Manyovu na karatasi zao, wengine kwa njia za panya. Wanafanya kazi wiki chache au miezi michache, wanalipwa, wanarudi. Babu zao walifanya hivyo hivyo. Kabla ya Uhuru mashamba ya mkonge ya Tanga yalitegemea manamba, na kati yao wengi walitoka Msumbiji na nchi za Maziwa Makuu.

Kwa mkulima mwenye ekari nne, sheria ya mwaka 2015 haisomeki. Atamtangazia nani kazi ya palizi gazetini? Mpango wa urithishaji wa jembe la mkono unaandikwaje? Pasi maalumu ya siku 90 iliyomo katika kanuni za Jumuiya ingemfaa kabisa mtu wa namna hii, lakini vibarua hawamo katika jedwali la Tanzania. Kwa hiyo mkulima ana mambo mawili tu: kuajiri raia, au kuvunja sheria. Wengi wanachagua la pili, na kila mtu kijijini anajua.

Maoni yangu ni kwamba hili ni pengo la sheria, wala si ukaidi wa wakulima. Nchi ingeweza kutoa kibali cha msimu mpakani, kwa ada ndogo, chenye jina la mwajiri, kijiji na tarehe ya kurudi. Uhamiaji wangejua nani yuko wapi, na kibarua angekuwa na karatasi ya kuonyesha anapodhulumiwa.

Watu wakiachwa bila karatasi, hesabu yake huja baadaye. Wamakonde walikwenda pwani ya Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakabaki Kwale, wakazaa na kujukuu. Hadi mwaka 2016, ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa raia na kuanza kuwapa vitambulisho. Vizazi vizima viliishi bila kuweza kufungua akaunti ya benki kwa sababu aliyewaleta kazini alihitaji mikono yao tu.

Lakini pengo likiwepo halikupi wewe ruhusa. Kumwajiri asiye na kibali ni kosa kwako na kwake. Kumficha mtu aliyeingia kinyume cha sheria ni kosa lingine. Na ukitumia dalali anayeleta vijana kwa mafungu, akiwashikia hati zao na kukata "gharama za safari" kwenye ujira wao, unakaribia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, ambayo haina mzaha.

Akishaanza kazi

Mgeni mwenye vibali vyake, tangu siku ya kwanza, ni mfanyakazi kama mwingine yeyote. Hakuna sheria ya kazi ya Wakenya na nyingine ya Watanzania.

- Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Zikizidi, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu.
- Likizo ya mwaka ni siku 28, na ya uzazi ni siku 84.
- Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri peke yake.
- Kodi ya mshahara inategemea kama mtu ni mkaazi kwa hesabu za kodi. Muulize TRA kabla ya mshahara wa kwanza, si baada ya ukaguzi.
- Mkataba ukiisha akiwa mbali na mahali ulikomwajiria, unampa usafiri wa kurudi yeye na mizigo yake, au unamlipa gharama hiyo.

Hilo la mwisho waajiri hulisahau. Kama ulimfuata mtu Kisumu ukamleta Mwanza, nauli ya kumrudisha ni deni lako.

Pasipoti yake ibaki mikononi mwake. Chukua nakala, rudisha kitabu. Mkitofautiana, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachopatanisha na kuamua migogoro ya kazi, nayo iko wazi kwa mgeni pia. Mwajiri asiyeweza kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

*Kwa kifupi: sheria za uhamiaji na vibali zinamtenga mgeni na raia mlangoni. Akishaingia kihalali, sheria za kazi hazimtengi.*

Na kama tayari unaye asiye na kibali?

Hapa mambo ni magumu, na sitayapaka sukari. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 23, inayanyima nguvu makubaliano ambayo lengo lake ni haramu. Mfanyakazi asiye na kibali anaweza kujikuta hana mkataba wa kuutetea mbele ya Tume. Waajiri wabaya wanalijua hili. Kuna mchezo unaochezwa mikoa ya mpakani: mtu analimiwa msimu mzima, siku ya malipo ikikaribia anawapigia simu Uhamiaji yeye mwenyewe. Vijana wanakamatwa, wanarudishwa kwao, na ujira unabaki mfukoni mwa aliyepiga simu. Wanaofanya hivyo husimulia kama ujanja. Ni wizi, na anayepiga simu hiyo anasahau kwamba amejitaja mwenyewe kuwa mwajiri wa mtu asiye na kibali.

Wewe fanya hivi. Simamisha kazi. Kama ni mtu wa fani inayoombewa kibali, nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa na ofisi ya Uhamiaji ukaeleze hali ilivyo kabla hawajaja wao, na uende na mwanasheria ukiweza. Kama ni kibarua asiye na njia, mwache arudi kwao salama. Katika hali zote mbili mlipe kwanza, fedha yote ya kazi aliyokwisha kuifanya, mbele ya shahidi, na mwandikiane.